Nusu Mzunguko

Kaza. Spana namba kumi na saba, polepole,
kaza mpaka chuma kigune,
halafu mwachie pumzi kidogo, ukaze tena.
Ndivyo alivyonielekeza fundi Mshana kule Pasua
siku aliponiuzia vibano vitatu
vilivyochomelewa kwa miguu ya kitanda cha bweni.
"Hiki cha boneti. Hiki cha mlango.
Na hiki cha tatu ni cha wasiwasi wako."

Midomo yake nimeivisha tyubu ya baiskeli
isije ikachubua Prado la watu,
jeupe, la kuazima, lenye riboni masikioni.
Mwenyewe analizunguka
kama mama mkwe anayehesabu sahani.
"Na likikwaruzika?"
Halikwaruziki, mzee.
"Na hiyo kamera ikidondoka?"
Hiyo ni yangu. Itakwenda kulilia kwangu.

Zamani jiriwa langu lilikuwa na jina.
Lilikula, lilichelewa, lilidai soda:
Kaanaeli, mdogo wake mke wangu.
Mimi nimekalia dirisha,
magoti ndani, kifua chote nje kwenye vumbi,
jicho moja limezama kwenye kamera,
na yeye nyuma yangu ameushika mkanda wa suruali
kwa mikono miwili, kama ndoo kisimani,
toka kanisani Kiborloni hadi ukumbini Soweto.
Pale mnara wa saa matarumbeta yakizunguka mara tatu
nasi tatu, mji wote ukinipita kichwa chini.
"Tuta, shemeji!"
Nakunja mgongo. Gari linaruka.
"Lingine hilo!"

Kanda zote za miaka ile zina sauti yake.
Bibi harusi anafuta chozi: tuta, shemeji.
Baba anapunga kitambaa: tuta, shemeji.
Mteja mmoja wa Rau aliirudisha, amevimba:
"Nani huyu anayehesabu matuta kwenye ndoa yangu?"

Halafu karibu na daraja la Karanga
likaja moja ambalo halikutangazwa.
Tundu la mkanda likachanika.
Nikaiona lami kwa karibu,
ina vikokoto vyeupe, sikuwahi kujua.
Kisha shati, kisha ngozi ya kiuno, kucha zake,
na sauti iliyotoka chini kabisa:
nimekushika.
Usiku ule mke wangu hakupiga kelele. Alisema tu,
"Nina mume mmoja na mdogo mmoja.
Tafuta chuma."

Basi leo ni chuma.
Tunashuka toka Kibosho, migomba pembeni,
Kibo amejivua mawingu bila kuombwa,
na mimi nimekaa kiti cha nyuma
mikono juu ya magoti, kama mgeni wa heshima.
Mikono hii haijui ifanye nini.
Inashika mkanda wa kiti. Inauachia.

Usiku nahariri. Picha imetulia
kama maji ya beseni lililosahaulika.
Hakuna kinachotikisika, hata shela.
Natega sikio kwenye kila tuta:
upepo, injini, upepo.

Kaanaeli anauza matairi Himo siku hizi.
Nikampigia, saa tano na ushei.
"Vinashika hivyo vyuma vyako?"
Vinashika.
"Ulikaza mwenyewe?"
Mwenyewe.
Lori likapita upande wake, refu, tukalisubiri.
"Mimi sikuwahi kukaza," akasema.
"Ungekuwa bolti ningekukaza nikasinzia.
Haya, lala shemeji."

Asubuhi nikaenda kuvifungua.
Cha boneti, sawa. Cha wasiwasi, sawa.
Cha mlango
kilikuwa kimelegea njiani, sijui wapi,
nusu mzunguko,
na hakikusema kitu.